Maswali yenu kuhusu makumbusho ya Karibi: mwulizeni mwongozaji watumwa walilala wapi

Barua za kuulizia Karibi zimekuwa nyingi kiasi kwamba nimeamua kuzipa safu nzima. Wanaoandika ni wa aina mbili. Kuna walioko Marekani, Kanada na Ulaya, ambao kwao visiwa hivyo ni likizo ya wiki moja. Na kuna walioko nyumbani, waliosoma utumwa wa Atlantiki shuleni na sasa wanataka kuona kwa macho yao. Nitawajibu wote. Walioniuliza fukwe na hoteli zenye bwawa, barua zao nimeziweka kando.

Shikamoo mwalimu. Nitajie jumba moja tu la makumbusho lililo bora kuliko yote Karibi. (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara naona aliyeuliza hajafungua hata ramani. Kutoka Havana hadi Port of Spain ni zaidi ya kilomita 2,500. Katikati yake wako watu wanaosema Kihispania, Kiingereza, Kifaransa, Kiholanzi na Krioli za kila namna, na kila kisiwa kina bwana wake wa zamani na vita vyake vya kumng'oa. Anayetaka "bora kuliko yote" huishia penye tangazo kubwa kuliko yote.

Ukinibana sana nitasema Mémorial ACTe, mjini Pointe-à-Pitre, Guadeloupe. Rais François Hollande wa Ufaransa alilizindua tarehe 10 Mei 2015, na limejengwa pale kilipokuwa kiwanda cha sukari cha Darboussier. Nalipenda kwa sababu simulizi lake linaanzia mbali na linakuja hadi leo, halimtupi mgeni mwaka 1848 na kumwambia basi, watu wakawa huru. Guadeloupe ilishaonja uhuru mwaka 1794. Napoleon akaurudisha utumwa mwaka 1802, na tarehe 28 Mei mwaka huo Louis Delgrès na wenzake wakajilipua kwa baruti huko Matouba, wakikataa kutiwa minyororo tena. Miaka 46 nyingine ikapita kabla utumwa haujakomeshwa mara ya pili. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, kila utakachokiona mle ndani kitasema nawe.

Ujue pia kwamba jengo hilo liligharimu takriban euro milioni 83, na wenyeji wengi walilipinga hadharani, wakisema fedha hizo zingewafaa vijana wasio na kazi. Hoja yao ni nzito. Zungumza nao nje ya geti, usiishie kusikiliza kifaa cha masikioni.

Meli yetu ya kitalii itatia nanga Bridgetown kwa muda wa saa sita hivi. Tufanye nini zaidi ya kununua fulana? (Mama wawili, Houston)

Dada yangu, muda huo unatosha kabisa kama utashuka mapema na kuwapita wale wanaouza safari za pwani bandarini. Chukua teksi mwambie akupeleke Garrison, kwenye Jumba la Makumbusho la Barbados. Chama kinacholiendesha kilianzishwa mwaka 1933, na jengo lenyewe lilikuwa gereza la jeshi la Uingereza. Eneo zima la Garrison pamoja na mji wa kale wa Bridgetown limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2011.

Ukiingia, ulizia mambo ya Newton. Newton ni shamba la miwa katika parokia ya Christ Church. Kwenye kipande chake kimoja, ardhi yenye mawe isiyofaa kwa muwa, walizikwa watumwa wanaokadiriwa kufika 570, bila jiwe hata moja la kaburi. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa mambo ya kale, Jerome Handler na Frederick Lange, walichimba sehemu yake. Kaburi moja lilikuwa la mwanamume mtu mzima aliyezikwa kwa heshima kubwa: bangili za shaba, pete, kisu cha chuma, kiko cha udongo kinachofanana na vya Afrika Magharibi, na shanga shingoni. Handler alimwona kuwa mganga, mtu waliyemtegemea wenzake.

Shanga hizo ndizo ninazotaka uzitafakari kwa makini. Zilitungwa kwa meno ya mbwa yaliyotobolewa, pingili za uti wa mgongo wa samaki, vioo kutoka Ulaya, makombe ya kauri, na jiwe moja kubwa jekundu la akiki. Kauri hizo ni za Bahari ya Hindi. Akiki yaelekea ilichongwa Khambhat, Gujarat, mji uleule uliokuwa ukileta shanga Kilwa na Pate kwa karne nyingi. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu, akavushwa bahari, akafa kwenye shamba la sukari, aliwekwa kaburini akiwa na vito vya bahari yetu. Na waliomvisha walikuwa watumwa wenzake, waliokuwa na haja ya kila kitu na bado wakampa. Ukishaelewa hilo, hutahitaji fulana.

Muda ukibaki, nenda Newton kwenyewe. Ni uwanja wa majani tu. Usipige picha za kujichekesha juu yake, mle wamelala watu.

Kiingilio ni bei gani? (Wasomaji wengi mno)

Bei hubadilika, nami sizichapishi. Piga simu au tazama tovuti ya jumba lenyewe.

Mwalimu, mimi na mchumba wangu tunapanga fungate huko. Tumeona majumba ya kale ya wenye mashamba ya miwa, ni mazuri ajabu, na mengine yanakodishwa kwa harusi. Tupige picha zetu za ndoa hapo? (Bi harusi mtarajiwa, Mombasa)

Hapana, mwanangu.

Nitakueleza kwa nini, na wengine wasikilize, kwa sababu hili ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote katika utalii wa Karibi. Niliwahi kuzungushwa kwenye jumba moja la namna hiyo, kisiwa sikitaji. Mwongozaji alijua kila sahani ya kaure ilitoka wapi, mbao za kabati zilikatwa msitu gani, saa ya ukutani iliundwa mji gani. Nikamuuliza waliokuwa wakizifuta sahani hizo walilala wapi. Akanyoosha kidole dirishani kuelekea maegesho ya magari, kisha akarudi kwenye kabati lake.

Jumba la namna hiyo halijafika kuwa makumbusho. Ni duka la fanicha lenye kiingilio. Shamba la miwa halikuwa nyumba yenye baraza pana na upepo mwanana. Lilikuwa kiwanda. Muwa ukishakatwa lazima ukamuliwe upesi, ukikawia siku mbili unachacha, kwa hiyo msimu wa mavuno vinu vilizunguka usiku na mchana. Watu waliochoka waliulisha muwa kwa mikono kati ya magurudumu ya kusaga. Mkono uliponaswa, kinu cha upepo hakikuwa na namna ya kusimamishwa ghafla, hivyo shoka liliwekwa jirani ili kuukata mkono kabla mwili mzima haujavutwa. Kutoka hapo maji ya muwa yalikwenda kwenye nyumba ya masufuria, yakachemshwa toka sufuria moja hadi nyingine, na aliyeunguzwa na uji ule wa moto hakupona kirahisi. Hiyo ndiyo sukari iliyolipia baraza unalotaka kupigia picha.

Kama mnataka kuona shamba la miwa, nendeni mahali panaposema ukweli. Antigua kuna Betty's Hope, lililokuwa mali ya ukoo wa Codrington tangu mwaka 1674. Jumba la bwana limebaki magofu, lakini minara miwili ya vinu bado imesimama na mmoja umekarabatiwa, kwa hiyo mnaona mashine badala ya vikombe vya chai. Jamaika kuna Seville, pwani ya kaskazini, ambako Wataino (wenyeji wa asili), Wahispania na Waingereza wote waliacha mabaki yao mahali pamoja, na vibanda vya watumwa vimejengwa upya ili mtu aone ukubwa wake. Martinique kuna La Savane des Esclaves, huko Trois-Îlets, kijiji ambacho mwenyeji mmoja alianza kukijenga kwa juhudi zake mwenyewe. Vyote vitatu mtaweza kuviuliza swali langu la walikolala na vikawajibu.

Swali la pili la kuuliza ni majina. Watumwa waliandikwa kwenye daftari za shamba pamoja na ng'ombe na farasi, kwa hiyo majina mengi yapo. Mwongozaji anayejua jina la mbwa wa bwana na hajui jina la mpishi, mwambieni kwa adabu akajifunze.

Picha za harusi pigeni ufukweni. Bahari haina deni na mtu.

Je, nyumba ya Bob Marley inafaa au ni ya watalii tu? (Shabiki, Mwanza)

Inafaa. Ni nyumba yake hasa, namba 56 Hope Road, Kingston, alikoishi na alikopigwa risasi mwaka 1976. Ila usitoke Kingston bila kufika Liberty Hall, King Street, makumbusho ya Marcus Garvey, mpigania haki za watu weusi. Maneno ya Marley kuhusu kujikomboa na utumwa wa akili yalitoka kwenye hotuba ya Garvey, na anayeimba bila kulijua hilo ameambulia nusu ya wimbo. Na ukiwa huko tarehe 6 Januari, panda Accompong kwenye sherehe ya Wamaruni, wajukuu wa watumwa waliotoroka milimani na kumlazimisha Mwingereza atie saini mkataba mwaka 1739.

Tulifundishwa kwamba wenyeji wa asili wa Karibi waliisha wote. Kuna makumbusho ya kuwakumbuka? (Mwanafunzi, Dodoma)

Mlifundishwa vibaya, na walimu bado wanaendelea kufundisha hivyo. Waliuawa wengi mno kwa upanga, kazi za machimboni na maradhi, lakini wapo. Kwenye kisiwa cha Dominika, pwani ya mashariki, kuna Eneo la Wakalinago lililotengwa mwaka 1903, karibu hekta 1,500, wanamoishi Wakalinago takriban 3,000. Tangu Oktoba 2023 rais wa Dominika ni Sylvanie Burton, Mkalinago, na ni mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Watu waliokwisha hawatoi rais.

Kijiji chao cha makumbusho kinaitwa Kalinago Barana Autê, kilifunguliwa mwaka 2006. Utaona mkate wa muhogo ukitengenezwa tangu kukamua sumu hadi kuoka, na mitumbwi inayochongwa kwa gogo zima la mti wa gommier. Kwa mtu wa pwani yetu anayejua muhogo na mtumbwi, hapo pana mazungumzo ya siku nzima. Nunua kapu, na usimbane msusi kwa bei. Kapu moja ni kazi ya siku nyingi.

Onyo muhimu: Dominika si Jamhuri ya Dominika. Ya kwanza mji wake mkuu ni Roseau, ya pili ni Santo Domingo. Wako watu wanaokata tiketi ya kisiwa kisicho chao.

Na ujue vitu vizuri kabisa vya Wataino wa Jamaika haviko Jamaika. Sanamu za mbao zilizopatikana pangoni mwaka 1792, mojawapo ikiwa na umbo la mtu-ndege, ziko British Museum, London. Jamaika imezidai. Mimi niko upande wa Jamaika bila kusita, kama nilivyo upande wa kila mtu anayedai chake kutoka kwenye kabati za London, Paris na Berlin.

Mzee wetu, niende Haiti kuona ile ngome ya Citadelle? (Msomaji, Lubumbashi)

Kwa sasa usiende, na nalisema kwa uchungu. Magenge yenye silaha yanashika sehemu kubwa ya Port-au-Prince, na Novemba 2024 hata ndege za abiria zilipigwa risasi hapo. Citadelle iko kaskazini, mbali na jiji, lakini usidanganywe na anayesema kwamba umbali huo ni usalama. Barabara hazipitiki kwa amani.

Nitakueleza utakachokikosa ili ukipange. Citadelle ilijengwa kileleni mwa mlima baada ya uhuru wa tarehe 1 Januari 1804, chini ya Henri Christophe, jemadari wa vita vya uhuru aliyekuja kuwa mfalme, ili Ufaransa ikithubutu kurudi ikute mizinga imeelekezwa baharini. Iko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 1982 pamoja na kasri la Sans-Souci. Port-au-Prince kuna MUPANAH, makumbusho ya mashujaa wa taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1983. Humo mna nanga inayohifadhiwa kama ya Santa María, meli ya Columbus iliyokwama pwani hiyo Krismasi ya mwaka 1492, na mna kumbukumbu za watumwa walioishinda Ufaransa ya Napoleon. Fikiria nanga ya aliyefungua mlango wa balaa na silaha za waliolikomesha zikiwa chini ya paa moja.

Ndugu yangu wa Kongo, una sababu ya ziada ya kuisoma Haiti. Miongo ya mwisho kabla ya mapinduzi, watu walioletwa kutoka pwani ya Kongo walikuwa wengi kuliko kabila jingine lolote katika mashamba ya Saint-Domingue, jina la Haiti enzi za Wafaransa, na meli nyingine zilitoka Msumbiji, upande wetu huku. Waliopigana wengi walikuwa wamezaliwa Afrika, wanaikumbuka Afrika.

Na tafadhali, wasomaji wote, acheni kuniandikia "kwa nini Haiti ni maskini ilhali ilipata uhuru mapema?" Mwaka 1825 Ufaransa ilileta manowari na kuitoza Haiti faranga milioni 150 kama fidia kwa wenye mashamba waliopoteza watumwa. Mwaka 1838 deni likapunguzwa hadi milioni 90. Watu walilipia miili yao wenyewe, kwa mikopo ya benki za Paris, kwa vizazi. Anzeni hapo.

Babu wa babu yangu alikuja kujenga reli ya Uganda. Nasikia Trinidad kuna makumbusho ya Wahindi. Ni historia yetu hiyohiyo? (Msomaji, Nairobi)

Ni ndugu yake, si yenyewe. Meli Fatel Razack iliwashusha Wahindi wa kwanza Trinidad tarehe 30 Mei 1845, miaka michache tu baada ya watumwa kuachwa huru kabisa, kwa sababu wenye miwa walitaka vibarua wa bei rahisi. Hadi mwaka 1917 walikuwa wamepelekwa zaidi ya watu 140,000 kwa mikataba. Wengi walitoka Bihar na nchi za bonde la Ganges na walipandia Calcutta. Waliokuja Mombasa, takriban 32,000 kati ya 1896 na 1901, wengi walikuwa Wapunjabi waliopandia Karachi, na sehemu kubwa yao walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Karibu 2,500 walikufa kazini. Trinidad wengi walibaki, ndiyo maana leo utawakuta kila mahali, kuanzia shamba la mpunga hadi Ikulu.

Makumbusho hayo yako Waterloo, Carapichaima, yalifunguliwa mwaka 2006, na ni madogo. Mna vyombo vya jikoni, zana za shamba, ala za muziki na karatasi za mikataba. Hatua chache kutoka hapo kuna hekalu ndani ya bahari. Sewdass Sadhu, kibarua wa miwa, alijenga hekalu kwenye ardhi ya kampuni ya sukari. Serikali ya kikoloni ikalibomoa na kumfunga jela. Alipotoka akasema baharini hakuna mwenye shamba, akaanza kumwaga mawe na zege majini, akibeba vifaa kwa baiskeli, miaka na miaka. Nenda ukaone. Kisha ukirudi Nairobi uulize kwa nini wale 2,500 wa reli hawana mahali pa kukumbukwa panapolingana na hapo.

Ni kweli Grenada wanalima viungo kama sisi? Kuna cha kuona? (Mkulima wa karafuu, Wete)

Kweli kabisa. Wao ni kungumanga, na wameiweka hadi kwenye bendera ya taifa. Nenda kwenye kituo cha Gouyave uone kinamama wakichambua kungumanga na basibasi kwa mkono, kisha makumbusho ya taifa mjini St George's, katika jengo la mwaka 1704 lililokuwa kambi ya askari wa Kifaransa na baadaye gereza.

Wewe wa Pemba utaelewana nao kwa jambo moja. Septemba 2004 kimbunga Ivan kiling'oa karibu mikungumanga yote ya kisiwa, na mti huo huchukua miaka saba au zaidi kuzaa. Unguja ilipata msiba wa namna hiyo Aprili 1872, kimbunga kilipofagia mikarafuu yake na Pemba ikanusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Waulize wazee wa Gouyave walikula nini miaka ile ya kungoja. Kisiwa chao kidogo cha Carriacou nacho kilipigwa vibaya na kimbunga Beryl tarehe 1 Julai 2024, kwa hiyo hakikisha kwanza kilichofunguliwa upya.

Anayepanga safari yoyote ya Karibi akumbuke kwamba msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Tiketi za Septemba ni nafuu kwa sababu hiyo.

Ninaishi Rotterdam. Curaçao niende wapi? (Kijana wa Tanga)

Nenda Landhuis Kenepa, jumba la shamba la zamani, kwenye makumbusho ya Tula. Tarehe 17 Agosti 1795 Tula, mtumwa wa hapo, aliongoza wenzake wa shamba hilo kugoma, akimwambia padri aliyetumwa kumtuliza kwamba wanachotaka ni uhuru wao tu. Aliuawa kwa mateso tarehe 3 Oktoba. Serikali ya Uholanzi imemsafisha jina rasmi mwaka 2023, miaka 228 baadaye. Ukirudi Rotterdam waulize wenzako wa darasani kama wamewahi kumsikia.

Mwalimu, mbona unatupeleka mbali hivyo? Mkunazini penye soko la watumwa la zamani ipo hapa, Bagamoyo ipo. (Msomaji, Unguja)

Umesema vyema, na wengi wanaoniandikia kutoka Dar hawajawahi kuingia hata hapo Mkunazini. Aanze huko mtu, nauli ya boti haifiki nauli ya ndege. Lakini Karibi ina kitu cha kutufunza.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1833 ilipokomesha utumwa katika makoloni yake, ilitenga pauni milioni 20 kwa fidia. Zilikwenda kwa wenye watumwa. Mtumwa hakupata senti, na akalazimishwa kufanya kazi bila ujira hadi mwaka 1838 kwa jina la uanagenzi. Karibi wanalisema hilo waziwazi, na ukitaka majina ya waliolipwa, daftari za malipo zipo na kiwango cha kila mmoja kimo.

Sasa njoo kwetu. Amri ya Aprili 1897 ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba nayo iliwalipa fidia mabwana. Mtumwa alipaswa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Ni wangapi kati yetu tuliolisikia hili shuleni? Kwetu tumeonyesha vizuri soko na minyororo, tumeonyesha wageni waliokuja kununua. Mashamba ya mikarafuu yenyewe, nani aliyamiliki, nani aliyapalilia, na wajukuu wa hao wawili wanaishije leo kwenye kijiji kimoja, hapo tunanong'ona. Najua ni jambo la kuumiza, linagusa koo za watu. Barbados nayo ni kisiwa kidogo, watu wanajuana, majina ya mabwana yangali kwenye vibao vya barabara. Bado Novemba 2020 waliiondoa sanamu ya Nelson, jemadari wa majini wa Uingereza, katikati ya mji, iliyosimama hapo tangu mwaka 1813, na mjadala wa nani akumbukwe ulifanyika mchana kweupe. Nataka mjadala kama huo Unguja, Bagamoyo na Mombasa, nikiwa bado hai.

Watoto wangu wana miaka minane na kumi. Niwapeleke kwenye makumbusho ya utumwa? (Baba, Toronto)

Wapeleke. Waeleze usiku kabla ya kwenda, si mlangoni. Wakitaka kutoka katikati, toka nao. Na usiwaruhusu kujaribu pingu, hata kama mwongozaji anawapa wacheze nazo.

Je, viza ni ngumu? (Wengi)

Nchi kadhaa za Jumuiya ya Madola, Barbados na Jamaika zikiwamo, huwa na masharti mepesi kwa Watanzania na Wakenya, lakini thibitisha ubalozini kabla ya kulipa chochote. Mtego uko njiani. Ukipitia uwanja wa ndege wa Marekani, hata kwa saa moja bila kutoka nje, unahitaji viza ya Marekani. Guadeloupe na Martinique ni Ufaransa, lakini viza ya Schengen peke yake haitoshi, omba iliyoandikwa kwamba inaruhusu maeneo ya ng'ambo. Na beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Visiwa vingi hukidai kwa anayetoka kwetu.

Hapa Kigoma tunakumbuka Che Guevara alivyovuka ziwa mwaka 1965 akijiita Tatu. Nikifika Kuba niende Santa Clara kwenye kaburi lake? (Msomaji, Kigoma)

Nenda, mabaki yake yamezikwa hapo tangu mwaka 1997 na makumbusho yako papo hapo. Ila mtu wa Kigoma asiishie kwa Che.

Fika Matanzas. Kwenye ngome ya San Severino kuna makumbusho ya taifa ya Njia ya Mtumwa, yaliyofunguliwa mwaka 2009, na nje ya mji kuna lililokuwa shamba la miwa la Triunvirato. Hapo Novemba 1843 mwanamke mtumwa, Carlota, alikuwa miongoni mwa walioongoza uasi, akauawa. Mwaka 1975 Kuba ilipotuma askari Angola, operesheni hiyo iliitwa kwa jina lake. Utumwa Kuba ulikomeshwa mwaka 1886, kwa hiyo unazungumzia watu ambao wajukuu wao walikuwa hai Che alipokuwa akivuka Ziwa Tanganyika. Havana kwenyewe, mtaa wa Obrapía, tafuta Casa de África.

Kuhusu safari: umeme Kuba unakatika kwa saa nyingi, siku nyingine nchi nzima, na makumbusho hufungwa bila taarifa. Panga Matanzas siku ya kwanza ya wiki yako huko ili ukikuta mlango umefungwa uwe na siku za kurudia. Beba tochi na fedha taslimu, na ukubaliane na dereva kabisa kwamba atakufikisha hadi Triunvirato na kukungoja, maana usafiri wa kurudi mjini kutoka pale ni shida.